Kuganda

Saa nane usiku, Mlimani. Feni inazungusha joto lilelile.
Februari imelala nje ya dirisha, shuka imeipiga teke.
Kwenye kioo nina wingu: hasi kumi na tano,
kilomita moja juu ya bahari ya barafu
ambayo sijaiona, na visa sina.

Wingu langu linakufa.
Kila nikiliwasha, linakufa saa ya tatu tangu kuzaliwa.
Vitone vyote vinageuka fuwele, fuwele zinaanguka,
anga linabaki tupu kama sahani iliyooshwa.
Lakini puto walilolirusha kule watu wenye makoti
linasema wingu la kweli lilikaa siku nne,
theluji ikidondoka chini kidogo kidogo
na juu maji, katika baridi ile, maji,
bila kuona haya.

"Sheria zote umeweka?" aliuliza Dakta Nyoni.
Nimeweka. Barafu ina choyo: mvuke ukipita
huunyaka kabla kitone hakijapata,
na kitone kikishakosa hugeuka mvuke chenyewe,
haba na haba, mpaka kibaba cha jirani kijae.
Hilo nimeliandika kwa mistari mia mbili na kumi.
Nimeisoma kwa kidole, kama mtoto wa chuoni.
Kosa silioni.

Saa tisa kompyuta ikaganda.
Ndicho kitu pekee kilichoganda sawasawa usiku ule.

*

Jumamosi, Tandika, kwa shangazi Siwema.
Friza yake ina kufuli, na juu yake daftari la madeni.
Barafu za ubuyu, barafu za ukwaju, maji ya chupa.
Umeme ulikuwa haujakatika siku tatu, ajabu,
na friza ikapitiliza.

Fundi Mbwana wa magodoro alinunua maji.
Aliyatazama: maji. Akayainamisha: maji.
Kifuniko kikamgomea, akaigonga chupa kwenye kaunta,
na mbele ya macho yetu weupe ukashuka kutoka shingoni,
taratibu, kama mtu anayevaa kanzu,
mpaka kitakoni.
"Siwema, umeniuzia nini?"
"Maji."
"Haya?"
"Yalikuwa maji ulipoyalipia."

Walibishania mia tano nusu saa nzima.
Mimi nilishika ile chupa mpaka vidole vikafa ganzi.
Kumbe maji hayaijui njia ya kuwa barafu
mpaka kitu kiyaoneshe: kishindo, ufa, punje ya vumbi.
Mgeni njoo, mwenyeji agande.

Na kule Ncha ya Kaskazini nani wa kuja?
Hakuna shamba linalochomwa, hakuna lori la mchanga,
hakuna anayefagia uwanja alfajiri.
Mimi nimewapangia wageni kumi katika kila lita ya hewa,
kana kwamba wingu lao linapita juu ya Tandika.

*

Nilifuta sifuri moja.

Jumatatu wingu likavuka saa ya tatu.
Likavuka usiku wake usio na asubuhi.
Siku ya nne bado lilikuwa linapepeta theluji nyepesi
na kule juu, tabaka jembamba kama utando wa maziwa,
maji.

Dakta Nyoni alivua miwani, akaivaa.
"Vizuri. Hiyo moja umeitoa wapi?"

Wapi, kweli? Kwenye marejeo nitaandika nini:
friza, Tandika, mazungumzo ya ana kwa ana?
Na huenda si moja, ni nusu. Huenda wingu linaishi
kwa sababu nyingine kabisa, na mimi nimelipaka tu
rangi ya uzima.
"Bado natafuta," nikasema,
na feni ikaendelea na kazi yake.

Fundi Mbwana hajarudishiwa hela.
Ile chupa niliiacha juu ya kaunta, juani.
Kufika adhuhuri ilikuwa maji tena.
Akaja mtoto wa jirani, akainywa yote,
hakuuliza kitu.